Nesi wa Vidonda wa Flat Creek: Maisha ya Idella Crenshaw Stallworth (1957–2024)

Yanasomwa na mdogo wake, Lucius Crenshaw, katika ibada ya mazishi, Camden, Alabama, Jumamosi tarehe 18 Mei 2024.

Marehemu Idella Ruth Crenshaw Stallworth alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, nje kidogo ya mji wa Camden, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Amos Crenshaw, mpasua mbao, na marehemu Leatha, mkewe. Mama yake alizoea kusimulia kwamba mkunga alikuwa bado ananawa mikono wakati mtoto alipotoka, na kwamba tangu siku hiyo hakuna binadamu aliyefaulu kumwambia Idella angoje.

Katika nyumba hiyo aliishi pia bibi yao mzaa baba, Bi Zilpha, aliyekuwa na kidonda mguuni kisichopona. Kiliwekwa sukari, kikawekwa tapentaini, kikaombewa, na bado kilitoa maji na harufu. Chakula kilipotengwa, wajukuu walijibana upande wa pili wa meza. Idella alichukua sahani yake akaketi karibu na mguu wenyewe.

"Hunusi, mjukuu wangu?" Bi Zilpha alimuuliza.

"Nanusa, Bibi. Nipitishie mkate wa mahindi."

Alisoma shule za hapa Camden na kumaliza mwaka 1975. Walimu walimpenda na walichoka naye kwa kiasi kilekile. Mwalimu Ardelia Kimbrough alimuuliza siku moja mbele ya darasa zima, "Idella, hicho kiti kina misumari?" Naye akajibu, "Hapana, mwalimu. Misumari ninayo mimi." Alikwenda kusomea uuguzi Selma. Mtihani wake wa kwanza huko alianguka, na si kwa kutojua. Alikabidhi karatasi na kuondoka bila kugeuza ukurasa wa nyuma. Alirudia, akafaulu, akapata cheti chake mwezi wa Mei 1978.

Tarehe 20 Juni 1981 alifunga ndoa na Rayford Stallworth, fundi wa mabasi ya shule, mtu mpole aliyeweza kukaa barazani mchana kutwa bila kuhisi kwamba anadaiwa kitu. Baada ya ibada, wageni wakiwa wameshaanza kula kuku na pai ya viazi vitamu, bwana harusi alimtafuta bibi harusi asimwone. Akamkuta nyuma ya jiko la kanisa, gauni limepandishwa magotini, amemvua kiatu mjomba wa Rayford, Mzee Linwood.

"Mjomba, kidole hiki kimekuwa cheusi tangu lini?"

"Tangu kabla hujaolewa. Kwa hiyo kinaweza kungoja mpaka umalize kuolewa."

Hakikungoja. Jumatatu Mzee Linwood alikuwa hospitali, akakatwa kidole na mguu ukabaki. Rayford aliwaambia rafiki zake, "Wenzangu mmeoa wake. Mimi nimeoa upepo." Lakini aliushika upepo huo miaka thelathini na mitano, mpaka alipofariki mwaka 2016, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Karetha na Dexter.

Marehemu alifanya kazi katika wodi za hospitali hadi mwaka 1991, alipohamia Nyumba ya Uuguzi ya Flat Creek. Mwaka 1999 alikwenda Birmingham kusomea vidonda, akarudi na cheti na maneno ambayo nyumbani kwake yalipigwa marufuku wakati wa kula. Mwaka 2004 akawa mkuu wa manesi. Hapo ndipo mashaka yake yalipoanza kweli, maana kabla ya hapo kazi yake ilikuwa kutibu, na sasa ikawa kutibu na kulipia.

Wengi waliopo hapa wana mzazi au mwenza aliyepita katika nyumba kama ile, na wanajua inavyokuwa. Bima ya serikali hulipa kwa siku, na malipo hayatofautiani sana mgonjwa awe na mkwaruzo au awe na shimo linalomeza ngumi. Godoro la hewa, mashine ya kufyonza kidonda, bandeji zenye dawa, saa za manesi, vyote hutoka katika chungu kilekile kinachonunua uji na kulipa umeme. Marehemu hakuwahi kulizoea jambo hilo. Alisema kwamba kila akitia sahihi agizo la bandeji kwa mgonjwa mmoja, alimwona mwingine akivuliwa blanketi.

Akaanza na kile alichoweza kukifanya bila kuomba ruhusa. Alipita vyumbani bila taarifa, akafunua shuka na kutazama visigino na mifupa ya nyonga, kuona kama wagonjwa wamegeuzwa. Wafanyakazi walimwita Polisi wa Visigino. Aliwaambia, "Niiteni mtakavyo. Kidonda cha bei nafuu kuliko vyote ni kile ambacho hakikutokea." Na vilipungua. Lakini si vidonda vyote huanzia ndani ya nyumba ya uuguzi. Wagonjwa hupokewa kutoka hospitali, nao huja na vidonda walivyovipata huko.

Mwezi wa Februari 2012 hospitali moja ilimpigia simu kuhusu mama mmoja, Pearline Showers, mwenye vidonda viwili vikubwa vya kulalia. Watu wake walikuwa hapa wilayani na walimtaka karibu. Wiki hiyo Flat Creek ilikuwa tayari na wagonjwa watatu wa aina hiyo, na manesi wawili walikuwa wameacha kazi. Marehemu alipiga hesabu, akaipiga tena, akasema hapana. Hakuna aliyemlazimisha. Bi Pearline alikaa hospitali kule mbali mpaka akafa.

Idella alikwenda mazishini bila kumwambia mtu isipokuwa Rayford, aliyemwendesha. Baada ya maziko, mezani, dada yake Bi Pearline alimpa mkono na kumshukuru kwa kuja. Idella hakuweza kula.

"Dada, mimi ndiye niliyekataa," alisema. "Wa Flat Creek. Ni mimi."

Yule mama alimtazama. "Najua. Nilikuwa pembeni ya simu, nikasikia jina lako." Kisha akamsogezea sahani ya kambare. "Kula. Umetoka mbali."

Rayford alisimulia kwamba njia nzima ya kurudi mkewe alifungua na kufunga dirisha la gari mpaka kishikio cha kulizungushia kikamtoka mkononi.

Oktoba ya mwaka uleule simu ililia tena. Safari hii alikuwa Otha Ledbetter, dereva wa lori la magogo, umri miaka sitini na mmoja, aliyevunjika uti wa mgongo na kulala hospitali katika mji wa Mobile kwa muda mrefu. Alikuwa na kidonda juu ya mkia wa mgongo hadi mfupa ukaonekana. Nyumba sita zilikuwa zimemkataa. Meneja wa Flat Creek wakati huo, Bwana Dwight Hargett, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyetakiwa kila mwezi kuwaeleza wenye mali, walioko Atlanta, kwa nini pesa haikutosha.

"Mtu huyu atatufilisi," alimwambia Idella. "Nyumba sita, Idella. Unadhani wote ni wajinga?"

"Hapana. Wote wanajua hesabu."

"Na wewe je?"

"Naijua. Ndiyo maana sijalala tangu Februari."

Bwana Hargett alivua miwani. Idella alikuwa amesimama, kwa kuwa ofisini kwa Hargett hakuwahi kukaa.

"Nipe miezi mitatu," alisema. "Kikituzamisha, nifukuze."

"Nikikufukuza, nani atabaki wa kunigombeza?" alisema Hargett, akatia sahihi.

Otha Ledbetter aliletwa siku ya mvua, akiwa na hasira na dunia nzima. Swali la kwanza lilikuwa kidonda kile kitunzwe vipi. Njia ya zamani ilikuwa shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi, ikibadilishwa asubuhi, mchana na jioni. Hargett aliipenda shashi kwa sababu ilikuwa rahisi. Idella alimchukua kwa mkono akampeleka chumbani asimame aone: manesi wawili kwa muda mrefu, mgonjwa akiuma shuka, na shashi ikitoka na nyama iliyokufa pamoja na iliyo hai.

"Ni rahisi dukani," Idella alimwambia walipotoka ukumbini. "Halafu inakula miguu ya manesi mara tatu kwa siku, na kidonda kiko palepale. Mashine inabadilishwa mara tatu kwa wiki."

"Mashine nimeona bei yake ya kukodi," Hargett alisema. "Siwezi, Idella. Hata nikitaka namna gani, siwezi."

Na kweli hakuweza. Hilo ndilo lililomtoa marehemu Flat Creek siku iliyofuata na kumpeleka mahali ambapo hakuna aliyetarajia aende, yaani kwa Jewel Ann Tatum. Bi Jewel Ann aliongoza manesi katika nyumba nyingine, upande wa Grove Hill, na kwa miaka wanawake hawa wawili walikuwa wameibiana manesi, wakachongeana kwa wakaguzi, na kupishana dukani kila mmoja akijifanya anasoma maandishi ya kopo. Alimkuta amekaa ngazi za nyuma, anavuta sigara.

"Umekuja kuniibia nani leo?" Jewel Ann aliuliza bila kuinuka.

"Leo nimekuja kukupa."

"Ibilisi naye huanza hivyohivyo."

"Una mashine ya kufyonza, umeikodi, na mgonjwa wako amekwisha kufa. Imekaa kabatini unalipia vumbi. Usinikatalie, nimeambiwa."

"Nani kakwambia?"

"Nesi niliyekuibia."

Jewel Ann alicheka mpaka akakohoa, akamsogezea nafasi kwenye ngazi. Idella hakukaa. Alieleza akiwa anatembea mbele yake huku na huku: kwamba kila nyumba inakodi peke yake kwa bei ya siku, inalipia mashine inapolala, na inakosa mashine inapoihitaji. Kwamba kila mgonjwa anapelekwa Mobile kwa gari la wagonjwa kukwanguliwa kidonda, na gari hilo peke yake linagharimu kuliko bandeji za mwezi. Wakiwa nyumba nne pamoja, wanaweza kukodi mashine kwa mwezi, wazizungushe, na wamwite daktari mmoja awapitie wote siku moja ya wiki.

"Na wenye mali wakijua tunashirikiana?"

"Watajua watakapoona pesa imebaki."

"Hebu acha kutembeatembea, unanitia kizunguzungu," Jewel Ann alisema. "Na ikiwa wewe na mimi tunaihitaji siku moja?"

"Daktari ataamua."

"Daktari hatalala na jina la mtu kichwani. Ni wewe na mimi."

Idella alisema hilo analijua.

Haikuwa kazi ya siku mbili. Kampuni ya kukodisha ilikataa, kisha ikakubali, kisha ikageuka, kisha ikakubali tena. Nyumba ya nne ilijitoa ikarudi. Lakini kufikia Desemba mashine zilikuwa zinazunguka, na kila Alhamisi daktari alikuja na mkoba wake na kukata nyama iliyokufa palepale kitandani. Kidonda cha Otha kilianza kuwa chekundu kwa namna ile nzuri. Naye Otha alianza kupunguza matusi.

Ndipo Januari, siku ya Jumanne, Jewel Ann akapiga simu. Alikuwa amempokea Bi Euphemia Gandy, miaka themanini na mitatu, na kidonda kibaya kuliko cha Otha. Mashine zote zilikuwa kazini. Nyingine ingefika baada ya majuma mawili. Alhamisi daktari aliwatazama wote wawili akasema Otha angeweza kuendelea na bandeji, labda. Marehemu alilishika lile neno "labda" akaenda nalo chumbani kwa Otha, na hakulificha.

"Unaninyang'anya mashine yangu," Otha alisema, "umpelekee mwanamke nisiyemjua?"

"Ndiyo."

"Ana miaka mingapi?"

"Themanini na mitatu."

"Ameshaishi huyo! Na mimi nikioza?"

"Nitakuja mwenyewe kukubadilishia. Jumapili pia."

"Jumapili unaimba kwaya."

"Basi nitakuja na joho."

Otha aligeuza uso ukutani. Baadaye akasema, bila kugeuka, "Ichukueni kabla sijabadili nia. Na mwambie bibi huyo kelele ya mashine ni kama ya paka aliyekabwa, asishtuke."

Alikuja Jumapili na joho, kama alivyosema. Lakini mwezi wa Machi Otha alipata homa na kidonda kikatoa usaha. Hargett hakusema "nilikuambia," na Idella alimwambia Rayford kwamba ingekuwa afadhali angesema. Kwa majuma mawili alikula amesimama. Alimuuliza daktari kama homa ile ililetwa na kuondolewa kwa mashine. Daktari alisema huenda ndiyo, huenda ingekuja tu. Alimuuliza tena wiki iliyofuata, na jibu likawa lilelile. Mpaka anakufa hakupata jingine, na kila alipofundisha manesi wapya alikisimulia kisa hiki chote, na homa yake, wala hakuwaambia alifanya sawa.

Otha Ledbetter alipona homa. Kidonda kilifunga Agosti 2013, akarudi nyumbani kwake. Yuko hapa leo, mstari wa tatu, na ameomba isemwe kwamba hakuwahi kumtukana marehemu, alitukana dari. Bi Euphemia naye alipona, akaenda kwa binti yake, akafa mwaka uliofuata barazani, kwa moyo, akiwa na ngozi nzima. Ushirika wa nyumba nne ulidumu zaidi ya miaka minane. Flat Creek haikufilisika. Wala haikuwapokea wote. Marehemu alisema hapana mara nyingine kadhaa, na majina ya aliowakatalia aliyataja katika sala zake, na watoto wake waliyajua kama wanavyojua majina ya shangazi zao.

Mwaka 2021 Flat Creek ilipata wenye mali wapya, nao wakauvunja ushirika, wakasema kila nyumba ijitegemee. Marehemu alibishana nao mwaka mzima, akastaafu Machi 2022 akiwa bado anabishana. Kustaafu hakukumfaa. Alipanda bamia akazing'oa kuona kama zimeota. Aliwatembelea majirani na kuwafunua visigino.

Vuli ya 2023 moyo wake ulianza kushindwa. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na baada ya kulazwa mara mbili Montgomery, mwezi wa Januari mwaka huu, aliingia Flat Creek kwa mlango ambao alikuwa amewaingizia wengine. Mkuu wa manesi sasa alikuwa Bernadine Lykes, aliyekuwa amefanya kazi naye miaka kumi na tisa. Aprili Bernadine aliona wekundu kwenye kisigino cha kushoto cha marehemu, akaleta bandeji nene ya sponji.

"Rudisha hiyo," Idella alisema. "Ni ghali. Weka mto tu."

"Dada Idella, nyamaza."

"Nakwambia kama mkuu wako."

"Ulistaafu. Leta mguu."

Akaleta mguu. Wekundu uliisha.

Ijumaa tarehe 10 Mei alikuwa anapumua kwa shida, lakini akili yake ilikuwa macho. Simu ya meza ya manesi ililia mara nyingi mno, naye akamwita Bernadine. Mdogo wake Lucius alikuwepo chumbani.

"Nani anapiga?"

"Hospitali, Dada. Wana kijana wa miaka arobaini, kidonda cha kulalia. Hawapati pa kumweka."

"Wenye mali wanasemaje?"

"Wamesema hapana."

"Na wewe?"

Bernadine alianza kunyoosha shuka. Marehemu alianza kujisogeza, akateremsha mguu mmoja nje ya kitanda, kisha akajaribu wa pili. Lucius na Bernadine walimshika kila mmoja upande wake.

"Unakwenda wapi?" Lucius alimuuliza.

"Kwenye simu."

"Lala, Dada," Bernadine alisema. "Lala. Nakwenda mimi." Akatoka akampigia kwanza Jewel Ann Tatum, aliyestaafu siku nyingi, ajue nani bado ana mashine. Mazungumzo yalisikika mpaka chumbani, nayo hayakuwa ya upole. Idella aliyasikiliza yote, kichwa amekiinua kutoka kwenye mto wa kulalia.

Alifariki Jumamosi tarehe 11 Mei 2024, asubuhi, akiwa na miaka sitini na saba.

Ametanguliwa na wazazi wake, mumewe Rayford, na ndugu zake Ezra na Maudine. Ameacha watoto wawili, Karetha wa Birmingham na Dexter wa hapa Camden. Wajukuu watatu, Amiri, Joelle na Rayford. Dada yake Verdell na mdogo wake Lucius. Rafiki yake Jewel Ann Tatum, ambaye amekaa na familia kwa matakwa ya familia. Na wengi ambao hawawezi kuhesabiwa isipokuwa na Mungu. Bernadine Lykes anaomba radhi kwamba hayupo kanisani. Mashine ilipatikana, wenye mali wakakubali, na yule kijana aliletwa Flat Creek siku ya Jumatatu na kulazwa katika chumba alichokiacha wazi marehemu, na saa hii ndiyo saa yake ya kubadilishwa bandeji.

Bwana amlaze pema dada yetu Idella, na ampe usingizi mtamu.